Uliza Jina la Samaki



 Jioni hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni la anasa, nalo ni kula samaki katika mkahawa wa fahari ulio ukingoni mwa bahari, mtu anapokuwa safarini, mbali na jiko la nyumbani kwake. Nakuombeni msizime redio mkidhani kuwa hayo ni mambo ya watalii peke yao; kwa maana bahari ile ni yetu, samaki wale majina yao tunayo midomoni mwetu tangu utotoni, na mtu ayajuaye majina hayo, hata akiwa ameketi juu ya kiti ambacho hajapata kukikalia maisha yake yote, ana haki ya kuuliza na kujibiwa.

Neno langu ni moja, nami nitalirudia ili hata aliyechelewa kufungua redio yake alipate: uliza jina la samaki.

Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, nilivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya ualimu, naye alikuwa ameweka nadhiri kwamba mjomba wake hatarudi bara kabla hajamkaribisha chakula mahali penye kitambaa cheupe mezani. Tukatoka mjini asubuhi, tukaupita msitu wa Jozani, tukafuata njia ya pwani ya mashariki hata tukafika rasi ya Michamvi. Huko Pingwe ndiko uliko mkahawa uitwao The Rock, ambao picha yake wengi wenu mmeiona, nyumba ndogo iliyokaa peke yake juu ya jabali ndani ya bahari, ambayo mgeni huiendea kwa miguu maji yanapokupwa na kwa mashua yanapojaa. Sisi hatukwenda huko. Mpwa wangu alikuwa ameweka nafasi katika nyumba nyingine ya pwani hiyo hiyo, yenye baraza pana lililoezekwa makuti na kuta za chokaa, nami sitaitaja jina, kwa kuwa sikuja hapa kuitangazia biashara.

Tulifika saa 5 ya asubuhi, mapema mno kwa chakula. Ilikuwa siku ya bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mpaka bahari ikawa kama iliyohama. Mbele yetu palibaki uwanda wa mchanga na vidimbwi, na ng'ambo kabisa mstari mweupe wa povu, pale mawimbi ya bahari kuu yanapopasukia mwambani. Yule aliyezaliwa bara apige picha hii moyoni: tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, katika pwani ile, hufika kiasi cha mita 4, yaani milango miwili ya nyumba iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Na bahari inapojivuta kiasi hicho, huacha wazi mambo ambayo siku nyingine hatuyaoni, na wanawake wa vijiji vile huyaendea kwa miguu. Wengine walikuwa wameinama katika mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoingia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine walikuwa wakirudi kutoka mwambani.

Mmoja wao alitupita karibu, mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kiunoni, mchokoo begani, na pweza watatu wamening'inia kambani, wangali wakibadilika rangi, mara hudhurungi, mara kijivu cha jiwe, kana kwamba hawajaambiwa kuwa wametoka majini. Tukaamkiana.

"Salaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam, baba. Karibuni."

"Tumekwisha karibia. Mwamba una nini leo?"

"Una riziki, alhamdulillahi. Mwezi mchanga ulikuwa mkavu, sasa wanatoka."

Chini ya mkungu alikuwapo mnunuzi, na mizani yake ya kuning'iniza, na sanduku la barafu. Akawapima wale pweza mmoja mmoja, akaandika katika daftari, akahesabu noti. Na yule mama akazikunja katika pindo la kanga, akaenda zake na mchokoo wake. Mpwa wangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, hao ndio wanaokwenda pale kwetu?" Nikamwambia tutauliza.

Basi wasikilizaji, saa 7 mchana tukaketi. Akaja mhudumu, kijana nadhifu, kanzu fupi nyeupe, leso mkononi. "Shikamoo mzee. Karibuni sana, jisikieni mko nyumbani." "Marahaba, mwanangu." Akatukabidhi orodha ya vyakula, karatasi nene yenye jalada la ngozi, iliyoandikwa kwa lugha tatu za wageni, na Kiswahili hakimo; na katikati ya ukurasa, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, samaki wa leo. Wa leo, lakini jina hana.

Nikamwuliza, "Mwanangu, huyu samaki wa leo ni samaki gani?"

Hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya nikuandalieni mazungumzo haya. Kijana yule, ambaye hata dakika ile alikuwa akitusemesha kwa maneno aliyofundishwa, maneno mazuri lakini ya kukariri, alisimama vizuri, akaweka leso yake mezani, na ulimi wake ukafunguka. "Ni changu, mzee. Wa dema, wa ndani ya mwamba, wameingia alfajiri. Tasi wapo wawili, lakini wadogo, sikushauri." "Na nguru?" "Nguru yupo, ila wa juzi huyo, amelala katika barafu. Si mbaya, lakini kama unataka wa kupaka, chukua changu." "Na pweza?" "Pweza wa leo leo. Wameletwa sasa hivi na mnunuzi wetu, mpishi anawapiga huko nyuma. Mkiwa na subira, mtawapata."

Tazameni basi! Kwa swali moja tulijua kwamba tasi hawajakomaa, kwamba nguru si wa siku ile, kwamba changu amevuliwa kwa dema na si kwa wavu wa kukokota unaozoa wakubwa na watoto pamoja, na kwamba pweza wa yule mama wako jikoni. Hakuna hata moja katika haya lililoandikwa katika karatasi ile nene. Yote yalikuwamo kifuani mwa kijana, yakingoja mtu wa kuyauliza.

Nami nakumbuka kinyume chake. Miaka michache iliyopita, katika mji mwingine wa pwani, ndani ya hoteli kubwa ambayo madirisha yake yanatazama ngalawa zikirudi, niliagiza samaki wa leo, nikaletewa kipande cheupe cha mraba, hakina ngozi, hakina mwiba, hakina harufu ya bahari wala ya kitu chochote. Nikauliza ni samaki gani. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi, akasema, "Ni samaki, mzee." Nikamrudisha tena kwa upole, mara ya pili akarudi na jibu kwamba ametoka katika boksi, na boksi limekwisha tupwa. Nililipa, nikaondoka na huzuni, si kwa ajili ya fedha, bali kwa sababu pale chini ya dirisha nilikuwa nikimwona mvuvi akiteremsha kolekole wawili ambao hapana mtu wa hoteli ile aliyekwenda kuwatazama.

Marehemu mama yangu alikaanga samaki Pangani, jioni, kwa taa ya chemli, kwa muda wa miaka mingi, nasi watoto ndio tuliokuwa tukitumwa dikoni. Alitufundisha kwamba samaki husalimiwa kwanza jichoni: jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama wala kuingia ukungu. Kisha ufunue matamvua, yawe mekundu. Kisha umbonyeze kwa kidole, nyama irudi. Na baada ya hayo yote, umtaje jina. Kwa sababu jina la samaki ndilo linalokuambia namna ya kumpika. Ukisema nguru, umesema mchuzi au kuchoma kwa vipande. Ukisema changu, umesema kupaka. Ukisema kibua, umesema kukaanga mzima mpaka mapezi yawe makavu. Ukisema papa, wengine watakwambia mchuzi wa ukwaju na tui. Mtu aliyeandika "samaki" peke yake ni kama aliyeandika "mti" juu ya mlango wa duka la mbao.

Na majina haya, wasikilizaji, yana elimu ndani yake. Tunasema fulani ana usingizi wa pono. Aliyelitunga neno hilo alikuwa mvuvi aliyeona kwa macho yake jinsi pono anavyolala usiku katika mapango ya mwamba, hata mtu humkaribia asigutuke. Twasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Tasi ana miiba ya sumu, na hupenda majani, ndiyo maana wakulima wa mwani humlalamikia kwamba anawalia mashamba. Haya yote tunayo bure. Basi itakuwaje tuyaache mlangoni pamoja na viatu, tuingie ndani tukiwa kama watu waliofika pwani jana?

Uliza jina la samaki. Na ukiisha kuuliza jina, uliza maji na upepo.

Maana ya kuuliza maji ni hii. Pweza wa kuchokoa hupatikana kwa wingi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa sababu ndipo mwamba unapokaa wazi. Ukienda siku za maji mafu ukaambiwa pweza ni wa leo, una haki ya kuuliza amepatikanaje. Pengine amezamiwa, na hilo si kosa, au pengine ametoka barafuni. Na maana ya kuuliza upepo ni kwamba wakati wa kusi, miezi ile ya katikati ya mwaka, bahari ya nje huchafuka, na mwenye ngalawa ndogo hatoki nje ya mwamba. Chakula chake ni changu, tasi na pono wa ndani. Kaskazi ndiyo inayotuliza bahari, na hapo nguru na jodari huletwa kwa wingi. Nyumba inayoahidi kila samaki kila siku ya mwaka inategemea jokofu, si bahari iliyo mbele yake, na mgeni aliyetoka mbali kuja kula kando ya maji anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kuagiza.

Sasa niruhusuni niseme juu ya pweza yule, kwa maana ndiye niliyemfuata kutoka mchangani hata sahanini. Mpishi, mzee mmoja wa makamo yangu, alituruhusu kuchungulia jikoni. Alikuwa amekwisha mpiga juu ya jiwe mpaka akalegea, akamwosha, akamtia katika sufuria nzito bila tone la maji na bila chumvi, akafunika, moto mdogo. Pweza ana maji yake mwenyewe. Baada ya muda sufuria ile ilikuwa imejaa mchuzi mwekundu kama zambarau, naye pweza anaogelea ndani yake mara ya pili. Maji yalipokauka na nyama kuwa laini, mpishi akamkatakata, akamtia kitunguu saumu, tangawizi, bizari na tui jepesi, akaacha vishikane. Na tui zito likaja mwisho kabisa, pamoja na ndimu, likakorogwa kwa upande mmoja tu lisikatike. Changu alikuwa juu ya makaa ya vifuu, akipakwa na kugeuzwa, akipakwa na kugeuzwa. Nilipokula mkono wa kwanza wa pweza yule, laini, una utamu wa tui na nyuma yake uchachu kidogo wa ndimu, nilimkumbuka mama yangu, nami sioni haya kusema kwamba sikuweza kuzungumza kwa kitambo. Mpwa wangu akanisogezea maji, asiseme neno.

Lakini pweza huyu ana habari nyingine ambayo mlaji anapaswa kuijua. Maisha yake ni mafupi, aghalabu hayazidi mwaka mmoja na nusu. Hukua kwa haraka ya ajabu, na jike hutaga mara moja tu, akakaa kuyalinda mayai yake bila kwenda kuwinda, na yakiisha kuanguliwa, hufa. Kwa hiyo anayemchukua pweza mdogo amekula akiba ya kijiji. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza asiyetimia gramu 500. Na wanavijiji wenyewe, katika sehemu mbalimbali za Bahari ya Hindi, wamegundua hekima ya kuufunga mwamba kwa muda wa miezi michache. Huko Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagascar, walianza mwaka wa 2004, na kwetu Kisiwa Panza, Pemba, ni miongoni mwa waliofuata njia hiyo. Mwamba unapofunguliwa, pweza huwa wakubwa, na wanawake hushuka kwa pamoja kama watu waendao arusini. Hali kadhalika kamba koche: jike mwenye mayai chini ya mkia, yale mafungu ya rangi ya machungwa, haifai kuvuliwa wala kuuzwa. Ukiletewa sinia uchague, mgeuze umtazame. Hiyo si jeuri.

Na bei? Najua mnangoja niseme bei. Sahani moja ya pweza ilipita fedha alizolipwa yule mama kwa pweza wake wote watatu. Nilipiga hesabu hiyo pale mezani, na sikuweza kuiondoa moyoni. Kwa insafu, nyumba ile ina gharama zake: ina jenereta, ina barafu, ina kodi, ina vijana wa Michamvi na Bwejuu wanaolipwa mwisho wa mwezi, wala mimi sisemi kwamba sahani iuzwe kwa bei ya dikoni. Nasema tu kwamba ilhali mgeni yu tayari kulipa kiasi kile kwa sababu samaki ni wa leo, na ni wa leo kwa sababu kuna mtu aliyetembea juu ya mawe makali, basi sehemu ya malipo ya neno hilo "leo" ni yake. Nilimwuliza kijana kama bei ya mnunuzi hupanda wageni wanapokuwa wengi. Akatazama chini, akasema, "Kidogo, mzee. Lakini wanaokula vibua siku hizo ni sisi." Sikumwuliza zaidi.

Wasikilizaji, kabla sijaaga, nirudi nyuma kidogo sana. Mwaka wa 1331 msafiri Ibn Battuta alifika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ameandika kwamba merikebu ilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walikuja kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akamkabidhi mfanyabiashara mmoja wa melini, akasema kwamba huyu ni mgeni wake. Aliandika hata vyakula alivyokula mjini: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga, na pembeni achari za ndimu na tangawizi mbichi. Kisha alipita Mombasa, akaona watu wakila ndizi na samaki. Miaka karibu 700 imepita, na bado mtu huvuka bahari akaketi ukingoni mwa maji yetu akingoja sahani iliyofunikwa. Tofauti ni kwamba zamani aliyeileta alijulikana, na mgeni alijulikana ni wa nani.

Tulipomaliza kula ilikuwa yapata saa 10. Maji yalikuwa yamejaa; uwanda ule wote ulikuwa umefunikwa, mashamba ya mwani hayaonekani, mwamba hauonekani, na mawimbi madogo yanagonga nguzo za baraza chini ya miguu yetu. Wageni wa meza ya pili, mume na mke kutoka Ujerumani, walimwita yule kijana wakamwuliza sisi tumekula nini, naye akawaambia kwa majina: changu, pweza. Wakayarudia majina hayo mara mbili tatu, wakaomba waandikiwe.

Kwa hiyo nina ombi, na ombi lenyewe nalielekeza kwa wenye mikahawa ya pwani yetu, kutoka Lamu hata Mtwara, na Unguja na Pemba na Mafia. Andikeni jina la samaki kwa Kiswahili katika orodha zenu. Andikeni ni wa dema, wa mshipi au wa kuchokoa, na ametoka kijiji gani. Ubao mdogo na chaki vinatosha, na kila asubuhi mnaweza kuufuta. Nanyi wasafiri, hata kabla ubao huo haujawekwa, mwulizeni kijana anayekuhudumieni. Huenda babake ndiye aliyelitega dema.